Kigari cha duara au sanduku la kusukuma: kipi kimfae mtoto anayeanza kutembea Goma?

Kigari cha duara, kile mtoto anachokalishwa katikati huku magurudumu yakizunguka chini, kinamtuliza na mama anapata nafasi ya kupika. Faida inaishia hapo. Kiti kinabeba uzito, mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, wala hajifunzi kujisawazisha. Kwa hiyo hakiharakishi kutembea, pengine kinachelewesha. Tena kufumba na kufumbua ameshafika kwenye jiko la mbabula lenye makala ya moto, au gurudumu limenasa kati ya mbao za sakafu na kigari kimepinduka. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Sanduku la mbao halina mbwembwe. Fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anaweza kuliunda kwa vipande vilivyobaki: mshikio ufike kifuani mwa mtoto, kona zipigwe msasa, na chini pasiwe na magurudumu. Tia ndani kilo 3 au 4 za mchanga, mfuko ufungwe barabara. Sanduku likiwa jepesi linamkimbia naye anaanguka kifudifudi. Mpe akishaweza kusimama kwa kushika kiti. Ndani atembee miguu mitupu. Nje mawe ya volkano yanakata, avae viatu vyenye soli laini inayokunjika.

Watoto wenye afya huanza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18, kwa hiyo wa jirani asikutie presha. Akipita miezi 18 bado hatembei, mpeleke kituo cha afya.