Kukagua wote kabla ya mechi, au kusubiri timu ilalamike?

Kwenye mechi za ndondo, yaani soka la mtaani, za Uyole na Mwanjelwa jijini Mbeya, suala la vifaa vya wachezaji huamuliwa kwa njia mbili.

Ya kwanza: wachezaji wanapangwa mstari kabla ya filimbi. Njumu zinageuzwa na kupapaswa, soksi zinashushwa vikinga ugoko vionekane, hereni na cheni zinavuliwa. Sheria ya 4 ya soka inataka hivyo hivyo, na wa akiba nao wakaguliwe kabla ya kuingia. Kubandika plasta juu ya hereni hakuruhusiwi. Njia hii inakula muda, hasa mechi mbili zikipangwa jioni moja.

Ya pili, kusubiri malalamiko, ni ya haraka lakini inaumiza. Kapteni hulalamika timu yake ikishafungwa, tena dhidi ya mchezaji yule yule anayewasumbua. Mwamuzi akimtoa nje akarekebishe, wenzake wanaona ameonewa, na huku beki mwingine asiye na vikinga anaendelea kucheza kwa sababu tu hakuna aliyemtaja.

Mimi nasimama na ukaguzi. Ila kuna vijana hawana hela ya vikinga kabisa. Kamati inunue jozi chache za kuazimisha, wasirudishwe nyumbani.