Chati ya ukutani ya jedwali la elementi: uzoefu wangu

Chati ninayoizungumzia ni ya karatasi ngumu iliyofunikwa kwa plastiki, nami huitumia kuwaelekeza wanafunzi wanaoanza kemia. Niliichagua kwa sababu moja: katika kila kisanduku, chini ya alama na namba atomia (idadi ya protoni), umechapishwa mpangilio wa elektroni katika mizingo yake, yaani matabaka yanayozunguka kiini, jambo ambalo chati nyingi huliacha.

Faida yake huonekana mtu anaposoma jedwali kwa kushuka. Katika kundi la kwanza, yaani safu wima ya kushoto kabisa, lithiamu ina 2,1, sodiamu 2,8,1 na potasiamu 2,8,8,1. Mwanafunzi akiziona namba hizo zimefuatana hivyo, halazimiki kukariri kwamba metali hizo zina tabia zinazofanana, kwa kuwa anajionea kwamba kila moja ina elektroni moja tu katika mzingo wa nje, nayo huiachia kwa urahisi. Akivuka hadi klorini, yenye 2,8,7, anaona ni nani anayeipokea.

Kisanduku cha klorini kina pia uzani wa atomi, 35.45, namba inayozua maswali kila mara, maana hakuna atomi yenye nusu nyutroni. Maelezo ya pembeni yanajibu kwa ufupi kwamba klorini ya kawaida ni mchanganyiko wa isotopi mbili, 35 na 37, yaani atomi za elementi ileile zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni, na ile nyepesi ndiyo nyingi zaidi. Vivyo hivyo, mshale mdogo unaonyesha kwamba agoni (39.95) imetangulia potasiamu (39.10) ingawa ni nzito kuliko hiyo, kwa sababu elementi hupangwa kwa idadi ya protoni. Mwanakemia Mrusi Mendeleev alipotoa jedwali lake mwaka 1869 aliegemea uzani, kwa kuwa protoni hazikuwa zikijulikana. Kazi ya mwanafizikia Henry Moseley ya mwaka 1913 ndiyo iliyoipa namba atomia msingi wake. Kwa mshale huo peke yake nawapa watengenezaji kongole.

Picha ya atomi iliyo pembeni, kwa upande mwingine, hainiridhishi hata kidogo. Kiini kimechorwa kikubwa karibu theluthi ya atomi, ilhali kwa kweli atomi huzidi kiini chake kwa upana mara makumi ya maelfu, na elektroni zimewekwa kwenye njia za duara kama sayari, bila hata neno moja la kutahadharisha kwamba huo ni mchoro wa kurahisisha tu. Hidrojeni nayo imepewa rangi ya metali za kundi la kwanza, ingawa ni gesi na si metali. Herufi za lanthanidi na aktinidi, zile safu mbili zilizotengwa chini ya jedwali, ni ndogo mno, na plastiki humeremeta chini ya taa.

Elementi zote 118 zimo, zikiwamo nne zilizopewa majina rasmi mwaka 2016, kama vile nihonium na oganesson, ambazo chati za zamani huziandika kwa alama za muda.

Kwa ngazi ya mwanzo naipendekeza bila kusita. Anayesoma zaidi ya hapo atafute nyingine, kwani baada ya kalsiamu (2,8,8,2) chati inaandika skandiamu 2,8,9,2 bila kueleza kwa nini elektroni mpya imerudi kwenye mzingo wa tatu wakati wa nne umekwisha kuanza.