Darubini ya joto, farasi saba na usiku wa barafu: nyota tatu na nusu

Nianze na bei, maana najua wengi mtashuka moja kwa moja kuitafuta: dola 480, pesa ya mfuko wangu, si ya bosi. Ni darubini ya joto ya jicho moja, yaani inaona joto la vitu badala ya mwanga, ile ndogo inayoenea mfuko wa koti, kihisi cha vitone vya picha 256 kwa 192, lenzi ya milimita 10. Jina la kampuni naliacha. Sina mpango wa kumtangazia mtu biashara bure, na haya nitakayosema yanazihusu karibu zote za ukubwa huu. Nimekaa nayo majira mawili ya baridi, na kazi niliyoipa ni moja tu, kutafuta farasi waliotoroka.

Ndiyo, farasi. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kabla ya kuletwa hapa Lexington, Kentucky, farasi nilimjua kwenye picha. Wakongomani mji huu tumejaa, Kiswahili unakisikia kwenye basi na kwenye foleni ya duka. Mabandani lakini wenzangu wengi ni Waguatemala na Wameksiko, kwa hiyo farasi wangu wanaelewa Kihispania na Kiswahili. Kiingereza wanakisikia siku daktari akija, na ndiyo maana hawakipendi.

Zamu yangu ni ya usiku, kwa majike wenye mimba. Asiyejua mambo ya huku aelewe hivi: farasi wa mbio wote wa Marekani wanahesabiwa kuongeza mwaka Januari 1, hata kama mmoja alizaliwa Februari na mwingine Mei. Kwa hiyo kila mwenye shamba anataka watoto wazaliwe mwanzoni mwa mwaka, wasije wakashindana na wenzao waliowatangulia miezi minne. Mimba ni kama miezi kumi na moja. Matokeo yake, baridi inapokuwa kali kuliko zote ndipo matumbo nayo yanapokuwa makubwa kuliko yote. Akitoroka jike usiku wa Januari, umepoteza wawili.

Niliinunua baada ya kuadhirika. Siku chache kabla ya Krismasi 2022 ilikuja ile dhoruba iliyoshusha baridi kwa ghafla. Mchana tulikanyaga matope. Usiku wa manane matope yaleyale yalikuwa jiwe, na asubuhi kipimajoto kilisoma chini ya sifuri ya Farenhaiti, yaani zaidi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Upepo ukafungua geti ambalo mtu mmoja wa zamu ya mchana, yeye anajijua, alilifunga kwa kamba badala ya mnyororo. Wakatoka watatu. Tuliwatafuta kwa tochi saa nne nzima.

Tochi ina tatizo lake. Farasi akikutazama, macho yanarudisha mwanga, unaona nukta mbili unafurahi. Lakini kwenye upepo wa namna ile farasi hakutazami. Anaupa upepo makalio, anainamisha kichwa, anasubiri. Ukitokea upande wa upepo unamulika mkia mweusi ndani ya giza jeusi. Unaweza kupita hatua ishirini kutoka kwake usimwone, naye asijisumbue kulia. Wale watatu tuliwakuta wamesimama kwenye uzio wa jirani, pua zao zimegusana na za farasi wa jirani kupitia mbao, kama watu waliofika msibani. Nilipaswa kujua. Farasi akitoroka haendi kutafuta uhuru, anakwenda kutafuta farasi wengine.

Sasa tuje kwenye usiku ulionifanya niandike. Wiki ya kwanza ya Januari 2025 mvua ilinyesha Kentucky ikiganda hapohapo inapotua. Matawi yalivunjika kila mahali na nyumba nyingi zikakosa umeme. Kwetu tawi la mti mzee liliangukia uzio, likazilaza mbao zote nne. Saa nane usiku nakwenda kuhesabu majike, palipokuwa na saba hakuna hata mmoja. Barafu ngumu haishiki nyayo. Uwanja mzima uling'aa kama sahani iliyooshwa.

Kabla hata ya kuwasha darubini nilipiga 911, namba ya dharura ya huku. Ndugu zangu, hili msilionee aibu. Farasi ana karibu kilo 500 juu ya miguu mirefu, na gari likimgonga, mwili wake unamwangukia dereva kupitia kioo. Polisi wakijua mapema wanapunguza mwendo wa watu kwenye ile barabara nyembamba. Baada ya hapo nikamwamsha mzee wangu wa Guatemala, tukaingia kwenye gari la mizigo.

Kosa la kwanza nililifanya ndani ya gari. Niliitoa darubini nikaangalia kupitia kioo cha mbele. Nikaona uso wangu mwenyewe, umepauka kama mzimu. Kioo cha kawaida hakipitishi joto. Wewe unaona nje vizuri kwa macho, darubini inaona ukuta. Kwa hiyo dirisha lazima lishushwe, na baridi iingie ikukae shingoni. Kwenye boksi hilo halijaandikwa.

Tulipotoka nje, hapo ndipo iliponilipa sehemu kubwa ya dola zangu. Usiku wa baridi kali, ardhi na miti vimeshapoteza joto la mchana, kila kitu cheusi, na chenye damu kinawaka cheupe. Niliwaona ng'ombe wa jirani. Nikaona kulungu wanane wamelala kwenye kichaka, ambao kwa tochi nisingewajua maisha yangu yote. Farasi sikuwaona. Nilichokiona ni kitu kidogo chini, kinang'aa juu ya barafu kama kaa la moto lililodondoka. Nikasogea. Mavi. Mavi mapya ya farasi, bado yana moto. Mbele hatua sitini, mengine, yanang'aa zaidi. Mzee akacheka mpaka akaegemea gari. Tukafuata mavi kama watu wa hadithi wanaofuata punje za mahindi, na mwisho wa mavi, kwenye uzio wa jirani yuleyule, walikuwepo wanne. Wawili wengine tuliwakuta nyuma ya mierezi, wamekinga upepo.

Akabaki mmoja, Bi Mkubwa. Jina lake la karatasi ni refu na la kizungu, hili la Bi Mkubwa nimempa mimi, kwa sababu hakuna jike anayekunywa maji kabla yake. Ana miaka kumi na tisa, amekonda mgongo, na ndiye pekee tunayemvisha blanketi. Hapo darubini ilinidanganya.

Nilizunguka na jicho mara mbili upande wa bwawa. Kila mara naona kidoa kimoja, kimo cha mtu hivi, nikasema rakuni, yule mnyama mdogo wa huku mpanda miti, yuko juu ya nguzo, nikaendelea. Mara ya tatu nikamwuliza mzee, pale bwawani kuna nguzo? Akasema hakuna nguzo. Tukaenda taratibu, maana bwawa lilikuwa na ngozi ya barafu na tulichokiogopa wote wawili hakuna aliyekitaja. Kidoa kikawa uso. Uso ukaota shingo. Halafu basi, hakuna mwili. Kichwa cha farasi kinaelea hewani. Nikaiondoa darubini jichoni, nikawasha tochi, na Bi Mkubwa mzima amesimama, blanketi lake limeganda gumu kama bati.

Blanketi likifanya kazi yake, joto linabaki ndani. Upande wa nje ni wa baridi sawa na majani, na darubini inaona upande wa nje tu. Hata asiyevaa kitu, manyoya ya baridi yakishakua mazito, kiwiliwili kinafifia. Kinachowaka ni macho, pua na mashavu. Kwa hiyo ukinunua kifaa hiki kutafuta farasi, usitafute umbo la farasi. Tafuta kidoa kilichoinuliwa kutoka ardhini.

Na vipimo vya kwenye boksi visomwe kwa jicho la mnunuzi wa sokoni. Wameandika mita 900. Maana yake ni kwamba kwa mita 900 kitu kikubwa chenye joto kitakuwa nukta. Hawasemi kwamba utajua ni nini. Kwa lenzi hii, umbali wa mita 150, kila kitone cha picha kinafunika kama sentimita 18, kwa hiyo kichwa kizima cha farasi ni vitone vitatu. Bi Mkubwa alikuwa vitone vitatu, na nani atamlaumu mtu kwa kumwita rakuni? Zile za kihisi cha 384 zinaona vizuri zaidi, lakini bei yake ni mshahara.

Betri. Wanasema saa sita. Usiku ule nilipata saa moja na dakika arobaini, ikazima bila kuaga. Betri za aina hii zinachoka zikipoa, na zikipata joto zinajikumbuka. Niliiweka kwapani chini ya sweta, baada ya dakika kumi ikawaka tena na asilimia thelathini. Siku hizi inakaa kwapani muda wote nisipoitazama. Mke wangu anasema nanuka mpira.

Vitufe ni vitatu, vyote umbo moja, vyote vidogo. Kwa glavu huwezi, bila glavu vidole vinaganda. Nilibandika tone la gundi kwenye kitufe cha kuwashia ili nikipapase gizani. Halafu kila baada ya muda kuna mlio mdogo, tiki, na picha inaganda kidogo. Ni kifaa chenyewe kinajisawazisha, si ubovu. Ila ukiwa karibu na jike mwenye woga, ile tiki anaisikia, masikio yanasimama. Mvua inayoganda ikigusa lenzi, nayo huoni kitu mpaka ufute, na ukungu mzito unaipunguzia nguvu nyingi.

Jambo jingine ni jicho lako. Kioo cha ndani kinang'aa sana. Ukitazama dakika mbili kisha ukashusha, jicho lile ni kipofu kwa muda, na chini ni barafu. Nilianguka mara mbili kabla ya kujifunza kutazama kwa jicho la kulia na kutembea kwa la kushoto. Kuna namna ya kugeuza rangi, chenye joto kiwe cheusi na mengine yawe ya kijivu, hiyo inaumiza kidogo zaidi au kidogo pungufu kulingana na mandhari, lakini kwangu imekuwa nafuu hasa kwenye miti.

Wengine wananiuliza, kwani hawa farasi hawana chipu? Baadhi wanayo. Watoto wa farasi wa mbio waliozaliwa kuanzia 2017 wanatakiwa kuwekewa chipu shingoni ili waandikishwe. Lakini chipu ile ni kitambulisho, haina uwezo wa kukwambia farasi yuko wapi. Kuisoma lazima umsogezee kisomeo karibu kabisa na shingo. Ukishaweza kumgusa shingo, umeshampata, hukihitaji.

Na kumpata si kumkamata. Hili darubini haihusiki nalo, ila mtu asije akanunua akidhani amemaliza. Usimkimbize. Akiona mwanga mkali usoni anashindwa kuona mbele kwa muda mrefu kuliko wewe, kwa hiyo tochi imulike chini. Sisi tulikwenda na ndoo ya pumba iliyochanganywa na sukari guru. Mzee akaitikisa mara tatu tu. Bi Mkubwa akanyoosha shingo, nikamfunga kamba kwenye ule mkanda wa ngozi wa kichwani wenye kibao cha shaba. Njia nzima tukamwagia majivu na mchanga, hatua kwa hatua, kwa sababu kwato zenye chuma juu ya barafu ni kama sahani juu ya sahani. Alipopita mbele ya wale sita, walimfuata bila kamba, wamepanga mstari. Saa kumi na moja na robo wote saba walikuwa bandani wanakula majani makavu. Nilimpima Bi Mkubwa joto, 37.9, sawa kabisa. Mimi sikujipima.

Nyota tatu na nusu basi. Moja nimeikata kwa betri, nusu kwa vitufe. Kama una mbuzi kumi nyuma ya nyumba usiinunue, nunua tochi nzuri na mnyororo wa geti, utabakiwa na dola 400. Kama unalala karibu na majike wenye mimba kwenye nchi yenye barafu, inunue, na ununue msimu wa joto bei ikiwa chini.

Niliwaandikia kampuni kuhusu raba ya kuwekea jicho, imekuwa ngumu kama ukwato. Walijibu baada ya siku tisa wakiniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha tena. Mwenye swali aulize, ila picha siwezi kuwapigia wiki hii: mzee wa Guatemala ameiazima, anamtafuta paka wake.