Boksi la mto: karatasi tatu za mapambo, moja tu imeniridhisha

Habari zenu wapendwa, karibuni. Hapa mezani nina karatasi tatu za mapambo, na zote nimezitengenezea boksi la mto, lile linalovimba katikati na kufungwa kila mwisho kwa vipande viwili vya umbo la mwezi. Nimelichagua makusudi. Boksi la mraba linaficha udhaifu wa karatasi. La mto, kwa kuwa mkunjo wake umepinda, linauanika wote.

Hii ya kwanza ni ya kufungia zawadi. Maua ya dhahabu, inapendeza kweli, ila tazameni: nikitia vikuku inabonyea. Ivisheni boksi ambalo tayari ni gumu, basi.

Ya pili ni manila ya kumetameta. Inasimama vizuri, lakini gundi inashika zile chenga, haishiki karatasi yenyewe. Niliwahi kumtengenezea wifi yangu boksi la sendofu, ubavu ukaachia kabla hatujafika ukumbini. Iliniuma sana. Siku hizi pale pa kubandika nakwangua chenga kwanza kwa wembe.

Sasa hii ya tatu, manila ya maua, gramu 250 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya printa ni gramu 80, kwa hiyo mnaona tofauti. Kwa ule mkunjo wa mwezi, naweka kisahani, napitisha peni iliyokwisha wino kufuata ukingo wake, nakandamiza bila kuchana. Halafu nasukuma taratibu kwa kidole gumba... Mmeona ilivyoingia? Hakuna kovu hata moja!

Ila jamani, msikate kabla ya kujua nyuzi za karatasi zimelala wapi. Ipinde kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja. Pale inapokubali kwa wepesi, mkunjo unafuata nyuzi, na mikunjo mirefu ya ubavuni ielekee huko huko. Ukienda kinyume, rangi inapasuka na weupe unachungulia. Watu wengi wanailaumu karatasi kwa kosa hili, na mimi nililaumu kwa muda mrefu.

Vipimo: kwenye A4 nachukua sentimita 9 za mbele, 9 za nyuma, na 1.5 ya kubandikia. Hapo natumia selotepu ya pande mbili, maana gundi nyeupe ina maji, inakunyanza karatasi.

Mnaotaka boksi la pembe sita, chukueni bikari. Chora duara, usiibane wala kuipanua, tembea nayo juu ya mstari wa duara: itaingia mara 6 kamili, unganisha alama kwa rula. Kwa boksi hilo hata manila ya kumetameta inafaa, mikunjo yake yote imenyooka.

Haya, vikuku sita vimeshaingia kwenye hili la maua. Ngoja nifunge utepe, wifi anasubiri.