Jumamosi 12 kwenye banda la video la Mwanga: maoni ya fundi cherehani

Oda ndiyo iliyonipeleka. Mama mmoja wa Katubuka, hapa Kigoma, aliniletea yadi tatu za kitambaa cheusi cha kuvutika, akataka mwanawe ashonewe vazi la Black Panther kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa. Picha aliyonionyesha kwenye simu ilikuwa ndogo kama stempu. Nikamwambia, dada yangu, mimi sishoni nisichokiona. Kijana wa duka la jirani akasema kuna banda la video Mwanga, nyuma ya soko, limeanza kuonyesha picha za mashujaa wa vitabu vya katuni kila Jumamosi, za zamani kwanza, za sasa mwisho. Hiyo ya Panther ingefika Jumamosi ya 11. Sherehe ya mtoto ilikuwa bado miezi mitatu, kwa hiyo nikaamua kwenda toka ya kwanza.

Nimekwenda zote 12, mimi na mjukuu wangu wa miaka tisa, kwa bajaji kutoka Ujiji. Kiingilio ni shilingi 500 mtu mzima, mtoto 200. Picha inaanza saa kumi na mbili jioni. Wanawake wenzangu wananiuliza kama ni mahali pa kwenda na heshima yako, nami najibu ndiyo. Mwenye banda ni kijana mpole, ananiita mama fundi, na benchi la kando ya ukuta ameliweka kwa ajili ya kina mama. Choo kipo na kinafungwa kwa ndani. Nje kuna dada anakaanga migebuka na mihogo, kwa hiyo mtoto hachoki kabla ya wakati.

Kilichonikera siku ya kwanza ni pazia la kuonyeshea. Alikuwa ameunganisha mashuka mawili kwa mkono, mshono ukapita katikati kabisa. Kila stelingi akisogea karibu, uso wake unapasuka vipande viwili. Wiki ya nne nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, mwanangu, fungua hilo shuka unipe. Nikanunua kitambaa cha marekani kipana, nikakipiga pindo, mshono nikaushusha chini kabisa ambako picha haifiki. Tangu siku hiyo hakunidai kiingilio tena.

Sasa nieleze kwa nini banda hili si kama mengine. Mtafsiri ni yeye mwenyewe, anakaa na maiki pembeni ya projekta, na hatafsiri tu maneno. Anasimamisha picha na kueleza. Halafu kabla ya picha kubwa anaweka sehemu moja tu ya Adventures of Captain Marvel, picha ya mwaka 1941 yenye sehemu 12, ambayo ndiyo ya kwanza kutolewa kwenye kitabu cha katuni cha shujaa wa aina hii. Enzi hizo kule Marekani watu waliitazama hivyohivyo, sehemu moja kwa wiki, inakatika shujaa yuko hatarini, rudi wiki ijayo. Vijana walizomea wiki ya kwanza kwa kuwa haina rangi. Wiki ya tatu walikuwa wanafika mapema wasiikose.

Anaporuka yule Captain Marvel, kinachoruka ni mdoli ulionyooshwa mikono, unateleza juu ya waya. Nilimwomba kijana arudishe nyuma mara mbili. Nilikuwa naliangalia joho. Joho la kitambaa halisi linapepea lenyewe, upepo unaingia chini yake na kuliinua, kwa hiyo jicho linakubali kuwa yule anaruka kweli. Miaka saba baadaye, kwenye picha ya Superman ya 1948, walimgeuza mwigizaji kuwa katuni ya kuchora kila anapopaa. Kijana alituonyesha kipande kidogo. Mimi nauchagua mdoli. Na hapo tukajifunza jambo lingine: vazi la Superman wa wakati ule wa picha zisizo na rangi lilikuwa la kijivu na kahawia, si buluu na nyekundu, kwa kuwa kijivu na kahawia ndizo zilizoonekana vizuri kwenye kamera. Fundi aliyelishona alijua kazi yake.

Jumamosi niliyoipenda kuliko zote ni ile ya Superman ya 1978. Mwanzoni kabisa, majina yanapopita, kijana alisimamisha picha kwenye majina mawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Akasema hawa ndio waliombuni Superman, vijana wa Cleveland, kitabu kikatoka 1938. Baba yake Shuster alikuwa fundi cherehani Toronto. Baba yake Siegel alikuwa na duka la nguo, akafa mwaka 1932 wezi walipovamia duka hilo. Nilikaa wima kwenye benchi. Watoto wawili waliokulia kwenye vitambaa, wakachora mtu mwenye nguo inayobana mwili kama ya watu wenye nguvu wa sarakasi, na joho mgongoni. Wakaiuza haki yao yote kwa dola 130. Wenye kampuni wakatajirika, wao wakahangaika hadi uzeeni. Ni mwaka 1975, picha hii ikiwa inaandaliwa na magazeti yakiwa yamepiga kelele, ndipo walipokubaliwa malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao kurudishwa. Kila fundi wa hapa Kigoma aliyebuni mshono akauona kesho yake umetundikwa dukani kwa mtu mwingine ataelewa kwa nini niliomba picha isimame kidogo zaidi.

Vazi la Christopher Reeve, mwigizaji wa Superman huyo, alilibuni Yvonne Blake. Kwenye matukio ya kupaa walitumia nguo yenye rangi iliyokaribia kijani, kwa sababu walipiga picha mbele ya pazia la buluu, na buluu halisi ingefutika pamoja na pazia. Baadaye rangi ikarekebishwa.

Ya Batman ya 1989 sikuifurahia kama vijana walivyoifurahia. Hapo ndipo kitambaa kilipoachwa, vazi likawa la mpira mweusi uliomiminwa kwenye umbo. Mwigizaji wake, Michael Keaton, hawezi kugeuza shingo ndani yake. Mtazame: akitaka kuangalia kando anageuka na kiwiliwili chote, kama mtu aliyelala vibaya. Watu wanaliona jambo hilo kuwa la kutisha, mimi naona kola iliyobana. Ilichukua karibu miaka 20 kuliponya, maana kwenye The Dark Knight ya 2008 mbunifu wa mavazi Lindy Hemming alilikata vazi vipande 110 hivi, na humohumo kwenye picha Batman mwenyewe anaomba aweze kugeuza kichwa. Nilipiga makofi peke yangu.

Jumamosi ya Blade nina malalamiko, na nimemwambia mwenye banda. Ni picha ya 1998, ina nafasi yake, kwa kuwa Marvel, kampuni iliyochapisha vitabu vya katuni vya Blade, ilikuwa imefilisika Desemba 1996 na mafanikio ya Blade ndiyo yaliyofungua njia ya X-Men na Spider-Man. Mwigizaji wake, Wesley Snipes, anavaa koti refu la ngozi lililokatwa kwa ustadi. Lakini karibu na mwanzo damu inamwagika kutoka kwenye dari, na banda lilijaa watoto. Nilimbeba mjukuu tukatoka, na usiku ule hakulala vizuri. Tangazo mlangoni halikusema kitu. Kijana ameomba radhi na sasa anaandika umri kwa chaki, ila nasema wazi ili mzazi mwingine aulize kabla ya kulipa.

Jenereta nalo lina kelele. Umeme ukikatika, dakika kumi hadi liwake, na linapowaka husikii mtafsiri kama umekaa nyuma. Kaeni benchi la pili au la tatu.

Jumamosi ya 11 nilikwenda na daftari na futi. Mavazi ya Black Panther ya 2018 ni kazi ya Ruth E. Carter, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa ubunifu wa mavazi. Kijana alisimamisha picha kila nilipoinua mkono, na hakuna aliyenung'unika. Mablanketi ya Wasotho begani kwa walinzi wa mpakani. Kofia ya malkia yenye umbo la isicholo ya wake wa Kizulu, ingawa hiyo imechapwa kwa mashine ya kompyuta. Wenyeji wa Wakanda, nchi ya kubuni ya kwenye picha hiyo, wanapozungumza Kixhosa, mtafsiri alinyamaza kabisa, tukasikiliza. Na kwenye vazi la mfalme, yaani Black Panther mwenyewe, ukisogea karibu, kitambaa chote kina pembetatu ndogondogo zilizoinuka. Kwenye simu ya yule mama hazikuonekana.

Ya mwisho, Avengers: Endgame ya 2019, ina mavazi meupe ya kusafiria wakati ambayo hakuna mtu aliyeyashona. Yote yametengenezwa kwenye kompyuta. Nilipoambiwa nilihuzunika, na bado nahuzunika.

Vazi la mtoto nilimaliza Jumatano iliyofuata. Pembetatu nilizidarizi kwa uzi wa kijivu kifuani na mabegani tu, mgongoni pesa ya oda haikufika, na kwapani nikaweka kipande cha ziada kilichokatwa mshazari. Siku ya sherehe alikunja mikono kifuani, akaifungua ghafla, akaruka kutoka kwenye kiti mara nne. Kwapa hazikuachia.