Kanji 生 (herufi ya Kijapani yenye asili ya Kichina): kukariri orodha ya matamshi au kuanza na maneno?

Ukikariri orodha, unapata sei, shō, ikiru, umareru, haeru, nama na mengine. Maana zake ni kuishi, kuzaliwa, kuota kwa mmea, ubichi. Inasaidia kwenye kamusi, lakini ukikutana na 一生 bado hujui uchague tamshi lipi.

Ukianza na maneno, kila tamshi linakuja na mahali pake: 学生, gakusei, mwanafunzi, 先生, sensei, mwalimu, 一生, isshō, maisha yote. Katika 生まれる, umareru, yaani kuzaliwa, herufi za hiragana (herufi za Kijapani zinazoandika silabi) zinazofuata ndizo zinazokuonyesha usomaji. Hata 誕生日, tanjōbi, siku ya kuzaliwa, ambapo 生 husomwa jō, hukaa kichwani vizuri. Mimi nachagua maneno bila kusita. Orodha naifungua baadaye, wakati wa marudio.