Kliniki ya mashua ya Safari Doctors: maoni yangu kutoka Kiwayu

Wanaoniuliza kama Safari Doctors ni wa kusubiriwa nawajibu ndiyo, wasubirini. Kutoka kwetu kisiwani Kiwayu hadi hospitali ya King Fahd, Lamu mjini, ni mwendo wa baharini, na upepo wa kusi ukivuma mjamzito hapandi mashua hivi hivi tu. Mtoto naye anatakiwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua miezi 9. Piga hesabu ya nauli hizo zote, ndipo utajua kwa nini kadi nyingi za chanjo huishia nusu.

Safari Doctors hutufuata kwa mashua. Walianza 2015 chini ya Umra Omar, mwenye asili ya huku huku, na matibabu yao ni bure. Hufika hata kwa jamii ya Waaweer wa upande wa msitu wa Boni, ambako zahanati zilifungwa kwa ajili ya usalama.

Ila kilichonikaa moyoni ni adabu ya kazi yao. Nesi aliyekuja kumpima dada yangu alianza na mkunga wetu: "Shikamoo, bibi." Akamketisha kando yake mkekani, akamuuliza mtoto amelalaje, ndipo akashika tumbo. Tangu siku ile bibi mwenyewe ndiye anayewahimiza wajawazito waende, na neno lake hapa halipingwi. Kabla ya hapo tuliwahi kuletewa mradi mwingine, karatasi zote za Kiingereza, mzee wa kijiji kapata habari asubuhi ile ile. Hatukuwaona tena. Mimi naamini tofauti iko hapo, kuliko hata kwenye dawa.

Ninalolitamani: uchungu wa kuzaa haungoji ratiba ya kliniki. Kaunti, Safari Doctors na sisi tukae tupange mashua ya dharura, na mafuta yake yawekwe akiba kijijini. Manahodha tunao, na wanaijua njia hata usiku.

Ukienda, chukua kijitabu cha mama na mtoto pamoja na dawa zote unazomeza, hata za presha ulizopewa kwingine. Mzee asiyeweza kutembea, wape vijana habari zake mapema. Na usikawie nyumbani ukipika, maana mashua lazima iwahi kabla maji hayajatoka.